Ratiba ninayo ukutani, lakini darasa halifuati

Shikamoo Mwalimu,

Ninafundisha darasa la kwanza, na huu ndio mwaka wangu wa kwanza kazini. Nina watoto 34, wengi wana miaka 6, wachache wametimiza 7. Nakuandikia usiku, sauti imekauka, na kesho asubuhi nitaihitaji tena.

Sina watoto wabaya. Nawapenda, na nadhani nao wananipenda. Shida yangu ni kwamba siku inanitoka mikononi. Ratiba niliiandika vizuri nikaibandika karibu na ubao: kuita majina, kusoma, kuhesabu, mapumziko, kuandika, mazingira, michezo, hadithi, kwenda nyumbani. Kila kipindi kina dakika zake. Maandalio ya somo nayafanya kila usiku, na sijawahi kuingia darasani bila kujua ninachokwenda kufundisha. Lakini ikifika saa sita mchana huwa nimefundisha nusu ya nilichopanga, na hiyo nusu yenyewe nimeifundisha huku napaza sauti.

Wiki iliyopita mapumziko yalisogezwa mbele, kwa hiyo baada ya kuhesabu tulipaswa kwenda moja kwa moja kwenye kitabu cha hadithi. Nikaamua niangalie saa. Nilisema: "Haya, fungeni madaftari ya hesabu, yawekeni kwenye begi, toeni kitabu cha hadithi, mje mkae kwenye mkeka." Watoto kama kumi wakaanza kufunga. Mmoja akaja kuniambia penseli yake imevunjika, nikamchongea. Nilipoinua kichwa, nyuma yake walikuwa wamesimama watatu wengine wenye penseli zilizovunjika. Wawili wakaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikawaruhusu, wakafuata wengine watano. Kuna aliyekwisha kukaa mkekani bila kitabu, na kuna aliyemwaga begi zima sakafuni akitafuta kitabu kilichokuwa chini ya dawati lake. Wasichana wawili wakaanza kusukumana kwa ajili ya nafasi ya mbele. Nilipofungua kitabu na kusema "Haya, tuanze", zilikuwa zimepita dakika 11. Hadithi ilipangiwa dakika 30.

Nimejaribu mengi. Nimewanyima mapumziko mara tatu, na mchana wa siku hizo ulikuwa mbaya kuliko mwingine wowote. Nimejaribu kubandika nyota kwenye madaftari ya wanaotulia, ikasaidia siku nne tu. Mwalimu mwenzangu mmoja anasema watoto wa umri huu hawatulii mpaka wakuogope. Mwingine anasema niwaache tu, watakua. Sitaki waniogope, na sitaki mwaka wao upotee nikiwa nangoja wakue.

Tena yupo mtoto mmoja ambaye ananiumiza moyo. Jumatano kipindi cha michezo kilihamishiwa asubuhi. Niliposema tutoke nje, akaanza kulia, akajikunja chini ya dawati, akirudia, "Bado, bado hatujasoma." Wenzake wakamcheka. Nilikaa naye pale chini nikimshika mkono mpaka akanyamaza, na muda wote huo wengine 33 walikuwa wanafanya wanavyotaka.

Nibadilishe ratiba? Nipunguze masomo? Au mimi si mtu wa kazi hii?

Mwalimu aliyekauka sauti

---

Marahaba, mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho, maana nadhani ndilo lililokunyima usingizi. Mwalimu aliyekaa na saa yake akahesabu dakika 11, akakumbuka kilichotokea katika kila moja, na asimlaumu mtoto hata mmoja, huyo ni mtu wa kazi hii. Liweke kando swali hilo kwa mwaka huu, tufanye kazi.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ninachokiona ni kwamba masomo yako hayana kasoro kubwa. Muda wako unapotelea katikati ya somo na somo. Ratiba uliyobandika ukutani ina mambo tisa, maana yake kwa siku darasa lako linabadili kazi mara nane. Tuseme kila badiliko linakula dakika 7 tu, siyo 11. Hizo ni dakika 56 kwa siku. Kwa wiki ya siku tano ni saa 4 na dakika 40, karibu siku nzima ya shule inayoishia kwenye begi, penseli na mkeka. Ukiweza kulifanya kila badiliko liwe la dakika 2, utapata dakika 40 kila siku bila kupunguza somo lolote. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni hapana, usipunguze masomo.

Sasa rudi kwenye ile sentensi yako. Fungeni, wekeni, toeni, mje mkae. Ni kazi nne kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa miaka 6 huipokea ya kwanza, huikumbuka ya mwisho kwa sababu ndiyo aliyoisikia karibuni, na zile za katikati zinamponyoka. Ndiyo maana ulimkuta mmoja amekaa mkekani bila kitabu. Hakuwa mkaidi, alikutii kwa kadiri alivyokushika. Toa agizo moja, ngoja litimizwe na darasa zima, kisha toa la pili. Mwanzoni utaona kama unachelewa. Jaribu na uangalie saa tena.

Hilo ni la kesho asubuhi. Kazi kubwa zaidi ni ya wiki mbili zijazo, nayo ni kuufundisha utaratibu kama unavyofundisha kuhesabu. Herufi "m" hukuitaja mara moja ukategemea waijue. Uliiandika ubaoni, ukawaonyesha mkono unavyokwenda, wakaiandika hewani, wakaiandika kwenye daftari, ukapita kusahihisha, na kesho yake mkairudia. Lakini kufunga daftari na kulihifadhi umekutaja tu, kwa mdomo, tena darasani kukiwa na kelele.

Nikueleze nilivyofanya mimi mwaka mmoja nilipokuwa na darasa kama lako. Nilichukua kipindi kizima tukajifunza kugawa na kukusanya madaftari. Sikufundisha kitu kingine. Nilimwita mtoto mmoja mbele, nikamwomba anionyeshe daftari linavyofungwa, linavyowekwa kwenye kona ya dawati, na linavyopitishwa kwa jirani wa kulia mpaka limfikie wa mwisho wa safu. Kisha nikafanya mimi mwenyewe vibaya makusudi: nikarusha daftari, nikainuka, nikazunguka darasani. Wakapiga kelele, "Siyo hivyo!" Nikawauliza ni vipi basi, wakanieleza wao. Tukajaribu huku nikihesabu kwa sauti ya chini. Mara ya kwanza nilifika 140. Mara ya pili madaftari mawili yalianguka, tukayarudisha na kuanza upya. Mara ya nne nilifika 50. Kulikuwa na mvulana mdogo wa safu ya dirishani ambaye kila mara alilaza kiganja juu ya lile rundo lisiteleze, wala hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimtaja mbele ya wote: "Nimeona mkono wako unavyoshika madaftari yasianguke." Kesho yake kila aliyekuwa mwisho wa safu alilaza kiganja.

Angalia sikumwambia "hodari" nikaishia hapo. Nilitaja alichofanya, ili na wenzake wajue la kufanya. Na hapo ndipo nyota zako zilipokwama. Nyota inamwambia mtoto kwamba kuna jambo ulilipenda, lakini haimfundishi begi linakaa wapi. Kipya kilipozoeleka, hakikubaki kitu.

Watafiti wameliona jambo hili muda mrefu. Mmarekani Jacob Kounin, aliyechapisha kazi yake mwaka 1970, alirekodi madarasa kwa kamera akitaka kujua walimu wenye madarasa tulivu huwafanyia nini watoto wanaokosa. Hapo hakuona tofauti ya maana baina ya walimu. Tofauti aliikuta kabla ya kosa: walimu wale waliona mapema kinachoendelea kila upande wa darasa, na kazi zao zilitoka moja kwenda nyingine bila kukatika. Alionyesha pia kwamba mambo huharibika mwalimu anapowafanyisha watoto mmoja mmoja kitu ambacho kundi zima lingefanya kwa pamoja, wengine wakabaki kungoja. Mtazame sasa yule wa kwanza mwenye penseli. Ulipoinama kumchongea, watoto 33 walikuwa wanangoja, na mtoto anayengoja hujitafutia kazi.

Kwa hiyo penseli isikufikie. Weka makopo mawili mahali wanapofika wenyewe, moja la penseli zilizochongwa, lingine la zilizovunjika. Ya mtoto ikivunjika, anaiweka kwenye kopo moja, anachukua kwenye jingine, anarudi kukaa, bila kusema neno. Jioni wawili wa zamu wanachonga zote, na utashangaa wanavyoigombania zamu hiyo. Lakini hili nalo lifundishe kwa vitendo. Kila mtoto ainuke mara moja alifanye, hata yule ambaye penseli yake haijavunjika.

Choo kinahitaji moyo zaidi. Kamwe usimkatalie mtoto wa umri huu aliyebanwa, maana aibu ya kujikojolea mbele ya wenzake hukaa naye miaka. Ila wale watano waliofuata hawakubanwa, walikumbushwa tu. Weka muda wa choo kwa darasa zima baada ya kuhesabu na mwishoni mwa mapumziko. Nje ya hapo iwe ishara ya mkono, vidole viwili vimepishana, nawe unajibu kwa kutikisa kichwa huku unaendelea kufundisha. Kibao kimoja kitundikwe mlangoni. Kikiwa hakipo, mtu yuko nje, anayefuata angoje kirudi, isipokuwa uso wake ukikuonyesha kwamba hawezi kungoja.

Mkekani, kila mmoja awe na mahali pake palipowekwa alama, na kila wiki safu ya mbele ihamie nyuma. Ugomvi wa wale wasichana wawili utakwisha siku hiyo hiyo.

Nije kwenye sauti yako, kwa sababu inanitia wasiwasi. Chagua ishara moja tu ya kuwatuliza: kengele ndogo, makofi yenye mpigo ambao nao wanaujibu, au mkono ulioinuliwa. Moja, siyo tatu. Wafundishe kwamba ikisikika, mikono inaachia kilichoshikwa, mdomo unafungwa, macho yanakuja kwako. Halafu ngoja. Usianze kusema wakiwa bado wananong'ona, hata kama imebaki minong'ono miwili. Ukisema juu ya kelele, umewafundisha kwamba kelele na maneno yako vinaweza kwenda pamoja, na kesho itakubidi upaze zaidi. Siku ya kwanza utangoja sana, utahisi umesimama pale mwaka mzima. Vumilia, simama wima, watazame kwa upole. Wakishatulia, sema kwa sauti ya chini kuliko ulivyozoea. Wataegemea mbele wakusikie.

Ratiba yenyewe ningeigusa kidogo tu. Kusoma na kuhesabu vibaki asubuhi, akili zikiwa mpya, ila kati yake weka dakika 3 za kusimama, kunyoosha mikono na kuimba, maana hivyo ni vipindi viwili mfululizo vya kukaa. Hadithi ihamishe iwe mara tu baada ya mapumziko. Watoto wanaingia wamechemka, na hadithi inayosomwa taratibu inawapoza kabla ya kuandika. Mwisho wa siku ongeza dakika 10 za kufunga darasa: kuokota vilivyoanguka, begi kufungwa, viti kusogezwa ndani, kisha kila mmoja anamwambia jirani jambo moja alilojifunza. Walimu wengi hizo hawazipangi, na watoto wanatoka mbio huku chupa ya maji na sweta vimebaki. Asubuhi nayo wakute kazi nyepesi juu ya madawati, mchoro wa kukamilisha au herufi za kufuatisha, ili anayewahi asikae bure akimngoja anayechelewa huku wewe unaita majina.

Usiwanyime mapumziko tena. Umejionea mwenyewe mchana ulivyokuwa. Shirika la madaktari wa watoto la Marekani, American Academy of Pediatrics, lilitoa tamko mwaka 2013 kwamba mapumziko yasiondolewe kwa sababu ya adhabu wala ya masomo, kwani mtoto anayahitaji kwa mwili wake, kwa kujifunza kuishi na wenzake, na kwa kurudi darasani akiwa na uwezo wa kusikiliza. Anayeshindwa kukaa ndiye anayehitaji kukimbia kuliko wote. Akikosea kuingia kwa utulivu, adhabu yake iwe kurudi mlangoni na kuingia tena, vizuri, bila maneno makali.

Mwenzako anayetaka uogopwe, mheshimu lakini usimfuate. Nimeona madarasa ya namna hiyo. Mwalimu akitoka dakika 5, au akiugua akaja mwingine, chumba kinageuka uwanja, kwa kuwa kilichokuwa kinawashika ni macho yake tu. Na anayesema uwaache watakua, mwambie kwamba watakua na mazoea haya haya, na mwalimu wa darasa la pili atayakuta.

Sasa yule mtoto wa chini ya dawati. Ulifanya sawa kukaa naye. Usikubali mtu akuambie ulimdekeza.

Alichokuwa anasema ni kweli tupu: bado hamjasoma. Ameishika ratiba yako kuliko watoto wote 34, na ndiyo inayomwambia kwamba dunia iko salama. Ilipobadilika ghafla, hakuwa na cha kushika. Lakini ratiba yako imeandikwa kwa maneno, na wengi wao bado hawajui kuyasoma. Ichore. Kadi moja kwa kila kitu cha siku: kitabu, vidole vya kuhesabia, mpira, penseli, mkeka, mlango wa kutokea. Zipange wima mahali wanapozifikia, na kila kazi inapoisha mtoto wa zamu aigeuze kadi yake. Tengeneza na kadi moja ya rangi ya pekee yenye maana ya "leo kuna badiliko". Ukijua michezo imehamishwa, mwite yule mtoto asubuhi kabla wenzake hawajaketi, mpe hiyo kadi na ile ya mpira, aziweke mwenyewe mahali papya. Mwonyeshe kwamba kadi ya kitabu haijaondolewa, imeshuka nafasi moja tu. Dakika 5 kabla ya kutoka, pita karibu naye umkumbushe kwa sauti ndogo. Zungumza na wazazi wake pia, uwaulize nyumbani anapokeaje mabadiliko. Ikiwa baada ya wiki kadhaa bado anaumia hivyo, au kuna mambo mengine yanayokutia shaka, omba ushauri wa mtaalamu wa watoto, kwa utulivu na bila kumpachika jina lolote. Na wale waliomcheka, wafundishe cha kufanya mwenzao anapolia: wanaendelea na kazi yao, au wanamletea maji.

Kadi hizo zitawasaidia wote, utaona. Utaacha kuulizwa kila baada ya dakika mbili kama muda wa kwenda nyumbani umefika.

Usianzishe yote haya Jumatatu moja. Chukua ishara ya kutulia kwanza, siku mbili tatu, mpaka iwe yao. Kisha penseli na choo, baadaye mkeka, baadaye madaftari. Karibu siku ya nne watakujaribu, watarudi walivyokuwa, nawe utadhani imeshindikana. Rudia zoezi kama siku ya kwanza, kwa uso ule ule. Baada ya likizo utarudia tena, hata kama wanajua.

Wikiendi hii usiandae somo jipya hata moja. Kunywa maji ya uvuguvugu, punguza maneno, uchore zile kadi. Ya badiliko ichore ya kwanza, na Jumatatu fika mapema umngoje yule mtoto mlangoni ukiwa nayo mkononi.